Elimu maalum ilivyochelewa kuvuka Mto Tana

BARABARA kuu ya A3 huanzia Thika, ikapitia Mwingi, ikavuka Mto Tana na kuingia mjini Garissa, kisha ikaendelea hadi Liboi katika mpaka wa Kenya na Somalia.

Ni katika mji huo wa Thika ambako Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya watoto wasioona mwaka 1946. Shule hiyo, iliyochipuka kutokana na kazi ya kuwahudumia askari waliopofuka katika Vita vya Pili vya Dunia, huhesabiwa na wengi kuwa msingi wa elimu maalum nchini Kenya.

Kutoka hapo hadi Garissa ni safari ya zaidi ya kilomita 300, ambayo basi huimaliza kwa siku moja na muda ukabaki. Elimu ya watoto wenye ulemavu iliichukua kwa miongo, na katika sehemu nyingi za uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, yaani kaunti za sasa za Garissa, Wajir na Mandera, bado haijawasili.

Wengi husema chanzo ni umaskini, ukame na utovu wa usalama. Hayo yote ni kweli, lakini hayatoshi. Ipo sababu nyingine isiyotajwa sana: watoto wenyewe hawajulikani walipo, wala hawajapata kuhesabiwa ipasavyo.

Ramani ya misheni

Serikali haikuwa mwanzilishi wa elimu maalum nchini. Walioianza ni makanisa, vyama vya hisani na wazazi wachache waliokuwa na uwezo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wazazi jijini Nairobi walianza kuwatafutia mafunzo watoto wao wenye ulemavu wa akili. Mwaka 1958 kikaundwa chama cha kuwashughulikia watoto viziwi, na mwaka 1961 zikafunguliwa shule za viziwi za Mumias na Nyangoma. Mwaka uliofuata Jeshi la Wokovu likaanzisha Joytown mjini Thika kwa watoto wenye ulemavu wa viungo.

Tazama mahali shule hizo zilipojengwa. Kila mojawapo ilipata nafasi pale ambapo tayari palikuwa na kanisa, zahanati na shule ya kawaida, katika maeneo ya mvua na wakazi wengi. Ramani ya elimu maalum ilikuwa ramani ya misheni.

Upande wa pili wa Mto Tana hapakuwa na ramani hiyo. Tangu mwaka 1926, serikali ya kikoloni ililifanya eneo la mpaka wa kaskazini kuwa wilaya zilizofungwa. Mgeni alihitaji kibali ili aingie, na mwenyeji naye akahitaji kibali ili atoke. Kazi ya misheni miongoni mwa Waislamu wa huko ilikuwa ndogo mno, na shule za serikali zilihesabika kwa vidole.

Uhuru haukuleta nafuu ya haraka. Mnamo Desemba 1963 ilitangazwa hali ya hatari, vita vya Shifta vikaendelea hadi mwaka 1967, na sheria zilizolitenga eneo hilo hazikufutwa hadi mwaka 1991. Aidha, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 uliamua kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwanza katika maeneo yenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, kwa matarajio kwamba faida ingewafikia wengine baadaye.

Ikiwa shule ya mtoto anayeona na kusikia ilikuwa adimu kiasi hicho, ya mtoto asiyesikia ingetoka wapi?

Sera zaandikwa Nairobi

Wakati huohuo, jijini Nairobi sera zilikuwa zikiandikwa moja baada ya nyingine. Kamati iliyoongozwa na Bw Ngala Mwendwa mwaka 1964 ilichunguza matunzo ya watu wenye ulemavu, na mapendekezo yake yakazaa Waraka wa Bunge Nambari 5 wa mwaka 1968. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ikahimiza watoto hao watambuliwe mapema.

Hatua kubwa zaidi ilipigwa mwaka 1984, serikali ilipoanzisha vituo vya kuwapima watoto na kutoa ushauri kwa msaada wa Denmark. Miaka miwili baadaye, Februari 1986, ikaundwa rasmi Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya (KISE), ambayo sasa iko Kasarani, ili kuwaandaa walimu.

Vituo hivyo vya upimaji ndivyo mlango wa mfumo mzima. Mzazi humleta mtoto. Mwalimu aliyefunzwa kazi hiyo humpima masikio, macho, viungo na uwezo wa kuelewa, kisha hushauri iwapo mtoto aende shule ya kawaida, kitengo maalum ndani ya shule ya kawaida, au shule maalum ya bweni. Bila kupita hapo, ni vigumu mtoto kuingia katika orodha ya serikali.

Mpango huo ni mzuri. Hata hivyo, ulibuniwa kwa kumfikiria mzazi anayekaa mahali pamoja, anayeweza kuabiri matatu asubuhi hadi makao makuu ya wilaya na kurejea kwake jioni. Mfugaji wa ngamia aliye kati ya Habaswein na Dif hakufikiriwa. Yeye huhama kwa kufuata maji na malisho, na siku ya kupimwa mtoto inaweza kumkuta akiwa mbali kwa mwendo wa siku kadhaa.

Somo la Wajir

Ni ajabu, basi, kwamba mfano ulio bora wa namna ya kumfikia mfugaji ulikuwapo kwenye eneo hilohilo, kabla hata ya vituo hivyo kuanzishwa.

Annalena Tonelli, Mtaliano aliyesomea sheria, aliwasili Kenya mwaka 1969 na kufanya kazi ya ualimu kabla ya kujitosa kuwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu mjini Wajir. Shida yake ilikuwa ileile ya elimu maalum: dawa zilihitaji mgonjwa akae mahali pamoja kwa miezi, naye mgonjwa ni mtu wa kuhama.

Badala ya kumlazimisha mfugaji alazwe hospitalini, Tonelli alimruhusu ajenge kibanda chake cha kawaida karibu na kituo, akae humo na jamaa zake, ameze dawa mbele ya mhudumu kila siku, na akipona aende zake. Mahali hapo pakaitwa manyatta ya kifua kikuu. Mtindo huo wa kumeza dawa chini ya usimamizi baadaye ulienea sehemu nyingi za dunia.

Kando ya kazi hiyo, yeye na wanawake wenzake waliendesha kituo cha kuwarekebisha watoto waliopooza kwa polio, pamoja na viziwi na wasioona. Alilazimika kuondoka Kenya katikati ya miaka ya 1980, baada ya kusaidia kuwaokoa majeruhi na kufichua mauaji ya Wagalla ya Februari 1984.

Jambo ambalo Wakenya wengi hawalijui ni kile kilichotoka katika shule ya viziwi ya Wajir. Shule hiyo ilikusanya watoto Wasomali waliokuwa wakiishi kila mmoja peke yake, akiwasiliana na mamake kwa ishara za nyumbani ambazo mtu wa boma la jirani asingezielewa. Walipokutana shuleni, wakajifunza ishara za Kenya na kuzifanya zao.

Mnamo 1997, shule ya kwanza ya viziwi katika ardhi ya Wasomali ng'ambo ya mpaka ilifunguliwa Borama, kaskazini magharibi, mji ambao Tonelli alikuwa akifanyia kazi wakati huo. Ishara zilizofundishwa humo hazikutoka Ulaya wala Uarabuni. Zilitoka Wajir, zikibebwa na Msomali kiziwi aliyesomea huko. Baadaye zikafika Djibouti pia. Leo lugha ya ishara ya Wasomali ni jamaa wa karibu wa Lugha ya Ishara ya Kenya, na asili yake ni darasa moja katika mji ambao Nairobi iliuona kuwa mwisho wa dunia.

Tonelli mwenyewe alituzwa Nishani ya Nansen ya Umoja wa Mataifa mwaka 2003, na akapigwa risasi na kuuawa Borama Oktoba 5 mwaka huohuo.

Mafanikio hayo yasitufiche ugumu wa kazi ya darasani. Mtoto kiziwi wa Wajir hutoka katika nyumba ya Kisomali, huingia darasa la ishara, husoma vitabu vya Kiingereza na hutahiniwa kwa Kiingereza. Kiswahili nacho humsubiri sokoni na katika ofisi za serikali. Mtoto anayesikia hupata angalau lugha ya kwanza bure kutoka kwa mama yake. Huyu huanza kupata lugha ya kwanza siku anapofika shuleni, pengine akiwa na umri wa miaka minane au tisa.

Ndiyo sababu uamuzi uliofikiwa mwishoni mwa miaka ya 1980, wa kuruhusu ishara darasani badala ya kuwalazimisha viziwi kusoma midomo na kutamka tu, ulikuwa na uzito mkubwa zaidi huku kuliko Nairobi.

Duksi na mtoto asiyeona

Si kweli kwamba jamii za huku hazikuwa na mafunzo yoyote kwa mtoto mwenye ulemavu kabla ya shule za serikali. Duksi, yaani chuo cha Kurani, ilikuwako, na huhama pamoja na mifugo. Mwalimu husoma, watoto hukariri, na ubao wa mbao hufutwa na kuandikwa upya.

Katika utaratibu huo wa kukariri, mtoto asiyeona hakuwa na upungufu mkubwa. Kusikia kulimtosha. Aliweza kuhifadhi Kurani yote na kuheshimiwa kwa hilo. Isitoshe, kila Mwislamu anajua habari za Abdullah bin Umm Maktum, sahaba asiyeona ambaye Sura ya Abasa ilishuka kwa ajili yake, na ambaye alikuwa mwadhini.

Mtoto kiziwi, kwa upande mwingine, hakuwa na mlango katika duksi. Wala yule mwenye ulemavu wa akili. Hivyo ulemavu haukuwa kitu kimoja machoni pa jamii, na sera inayowaweka wote katika fungu moja hukosa kuona nani ameachwa nyuma zaidi.

Maandishi ya nukta nundu ya Kiarabu, kwa taarifa ya wasomaji, husomwa kutoka kushoto kwenda kulia kama ya Kiingereza, ingawa Kiarabu cha kawaida huenda kinyume. Mtoto aliyejifunza nukta hizo shuleni hahitaji kubadilisha mwendo wa vidole vyake ili aisome Kurani. Ni hoja ambayo ingeweza kuwavutia wazazi wengi, lakini ni nadra kuisikia ikitajwa katika kampeni za kuwahimiza wapeleke watoto wao.

Asilimia 0.6

Sensa ya mwaka 2019 ilipata kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitano na zaidi wana ulemavu, watu takriban 900,000. Kaunti ya Embu iliongoza kwa asilimia 4.4. Kaunti ya Wajir ilikuwa ya mwisho kabisa kwa asilimia 0.6.

Kwa kuangalia juujuu, mtu angedhani kwamba Wajir imebarikiwa. Lakini ulemavu huzidi palipo na chanjo chache, hospitali za mbali, uzazi usio na mkunga na majeraha ya vita, na hizo ndizo hali za Wajir. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita ulimwenguni, asilimia 16, ana ulemavu mkubwa, ingawa kipimo chake si sawa na cha sensa yetu. Asilimia 0.6 haiwezi kuwa kipimo cha ulemavu wa Wajir. Ni kipimo cha walioulizwa na waliojibu.

Maswali ya sensa hiyo yalihusu ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Aliyehesabiwa kuwa na ulemavu ni yule aliyesema ana ugumu mkubwa au hawezi kabisa. Maswali kama hayo, yakiulizwa kwa haraka kwenye mlango wa kibanda na kutafsiriwa papo hapo kwa Kisomali, hutegemea sana karani na anayejibu.

Hapa kuna kinaya. Wasomali hawana haya ya kuutaja ulemavu. Mtu huitwa Laangare kwa sababu anachechemea, au Dhagoole kwa sababu hasikii, na jina hilo hudumu naye hadi kaburini bila yeye kukasirika. Kijiji kizima humjua. Lakini jina linalojulikana kijijini halimfikii karani wa serikali, na mtoto aliyefichwa ndani, hasa mwenye ulemavu wa akili au mtindio wa ubongo, hana hata jina hilo.

Sensa yenyewe imezua mzozo. Mapema mwaka 2025 Mahakama Kuu mjini Garissa ilibatilisha matokeo ya mwaka 2019 katika baadhi ya kaunti ndogo za eneo hili. Kesi hiyo ilihusu jumla ya wakazi, si ulemavu. Walakini inaonyesha jinsi msingi wa hesabu ulivyo dhaifu.

Na hesabu ni fedha. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza Januari 2003, serikali ilitoa Sh1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na nyongeza ya Sh2,000 kwa mwenye mahitaji maalum. Mtoto asiyekuwa kwenye orodha hakuleta shilingi hata moja, na kitengo kisichokuwa na watoto kwenye karatasi hakikuletewa mwalimu.

Polio na Dadaab

Kambi za Dadaab zilifunguliwa kuanzia mwaka 1991 kwa ajili ya wakimbizi wa Somalia. Kwa kiasi fulani, mtoto mwenye ulemavu aliye kambini alionekana haraka kuliko wa kijiji cha jirani, kwa kuwa mashirika ya misaada huandikisha kila mtu na baadhi ya shule za kambi zina vitengo maalum.

Mnamo Mei 2013 virusi vya polio vilizuka tena Dadaab, na Kenya ikarekodi visa 14 mwaka huo. Waliopooza wakiwa wachanga sasa wamo katika umri wa shule. Kwao kinachohitajika si mtaalamu wa ng'ambo. Ni ngazi iliyoondolewa mlangoni, choo kinachoingilika kwa kiti cha magurudumu, na njia isiyozama mchanga.

Mwezi Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, unaolenga kuziingiza huduma za wakimbizi katika mfumo wa kitaifa na wa kaunti. Vitengo vya kambini navyo vitahitaji mlipaji mpya, na bajeti ya elimu maalum katika eneo hili ilikuwa nyembamba hata kabla ya jukumu hilo.

Walimu walioondoka

Pigo jingine liliwaangukia walimu. Novemba 2014 abiria 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakienda likizoni. Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, kilichokuwa zamani chuo cha ualimu. Mwaka 2018 walimu walishambuliwa Qarsa, Wajir, na Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, Garissa. Kila mara Tume ya Huduma za Walimu (TSC) iliwahamisha wengi wasio wenyeji.

Shule ya kawaida inapompoteza mwalimu wa Hesabu, wa Sayansi anaweza kushika chaki kwa muhula. Kitengo cha viziwi kinapompoteza mwalimu pekee ajuaye ishara, watoto hubaki wakitazamana. Hakuna wa kushika nafasi.

Suluhu inayotajwa mara kwa mara ni kuwafunza wenyeji, na njia ipo: KISE huwafundisha walimu walio kazini kwa masomo ya mbali na ya wakati wa likizo. Lakini ni lazima kwanza wawepo vijana wa Garissa, Wajir na Mandera waliofuzu ualimu wa kawaida, na mtihani wa kitaifa huwachuja kwa wingi kabla hawajafika huko.

Sheria na mpaka wa majukumu

Kwenye karatasi, mtoto mwenye ulemavu wa Kaskazini Mashariki hana upungufu wa haki. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2003, na nafasi yake ikachukuliwa na sheria mpya mwaka 2025. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 54, inampa haki ya kupata elimu katika taasisi zilizounganishwa na jamii, kwa kadiri inavyofaa maslahi yake. Sera ya mwaka 2018 inataka asomee, inapowezekana, katika shule ya jirani pamoja na watoto wengine.

Katiba hiyohiyo iliigawa kazi. Madarasa ya chekechea yako chini ya kaunti. Shule za msingi, shule maalum na walimu wake wako chini ya serikali ya kitaifa. Mtoto hugunduliwa kuwa hasikii akiwa na miaka mitatu au minne, katika darasa la kaunti, lakini anayempima na kumpangia shule ni afisa wa serikali ya kitaifa. Barua kati ya ofisi hizo mbili, hata zikiwa katika mtaa mmoja mjini Garissa, zinaweza kuchukua muhula mzima.

Mzazi hana haja ya kuisubiri barua hiyo. Anaweza kumpeleka mtoto mwenyewe katika kituo cha upimaji kilicho chini ya ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na kwa usajili wa ulemavu akaanzia hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, ambako madaktari humpima na kujaza fomu inayopelekwa kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Cheti cha kuzaliwa huulizwa mapema katika safari hiyo, na kwa familia zinazojifungulia malishoni, hapo ndipo wengi hukwama.